Bunduki Hailali Bila Mwenyewe

Nilifika Goba nikiwa nimelala juu ya mbao. Safari ilianzia Mpanda. Nilipanda treni hadi Tabora, nikakaa kwa jamaa mmoja mpaka mke wake akaanza kuniuliza naondoka lini. Nikaenda Singida, nikashuka Dodoma, nikafika Iringa, na kila mahali nilijiambia hapa ndipo, na kila mahali palinichosha kabla sijayazoea maji yake. Mafinga nilipata kibarua cha kupakia mbao kwenye malori. Siku moja dereva aliyekosa utingo akaniita, "Braza, panda." Nikapanda. Kitonga tulikaa nusu siku nyuma ya lori lililolala katikati ya barabara. Ruaha Mbuyuni tairi ilipasuka, tukala ugali na vitunguu kwa sababu vitunguu ndivyo vilivyokuwepo. Morogoro mvua ikanipiga hadi mifupa. Tulipoiacha barabara kuu Mbezi na kuanza kupanda na kushuka vilima, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuuliza tunaenda wapi.

Mbao zile zilikuwa za mzee mmoja aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni. Alizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kisha akatenga kama nusu yake pembeni.

"Hizi mbichi. Rudisha."

"Nirudishe Mafinga, mzee wangu?" dereva akasema. "Kwa mafuta ya nani?"

"Sijui. Mie nimeagiza mbao, sikuagiza kuni zenye maji."

Wakabishana mpaka dereva akazirudisha garini akitukana chinichini. Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe? Unarudi na hizo mbichi au unabaki?"

Nilibaki. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya uchovu.

Watu wote walimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na nani sitasema, maana kila alipoulizwa alijibu tofauti. Lafudhi yake ilikuwa ya kusini, na patasi zake zilikuwa za wachongaji wa Kimakonde, hilo halikufichika. Siku za kazi alitengeneza milango na makabati kama mafundi wengine wa Goba, ambako kila wiki kuna nyumba mpya inayotafuta mlango. Lakini Jumapili walikuja watu wa bunduki.

Nilipowaona mara ya kwanza nilitaka kufunga begi langu. Baadaye nikaelewa. Walikuwa watu wazima wenye leseni: mfamasia wa Kinondoni, mstaafu wa benki, mwenye malori, na wengine wachache. Kila mmoja alikuwa na bunduki ya zamani ya jeshi, zile ambazo majeshi yalizichoka zikauzwa kwa raia, wakulima na wawindaji, kisha zikarithiwa. Bunduki za kuvuta komeo kwa mkono kila risasi. Wengi wao hawakuwinda. Walipenda tu kuzitengeneza, kama mwingine anavyopenda kuosha gari ambalo haendi nalo popote. Walitaka kitako kipya, yaani ile mbao yote inayobeba chuma kuanzia begani, walitaka mkanda wa ngozi, raba ya kuzuia bega lisiumie. Wangeweza kutwa nzima kubishana kuhusu mafuta ya kupaka mbao.

"Ya kitani yanachelewa kukauka."

"Ndiyo maana ni mazuri. Wewe una haraka gani, unaenda vitani?"

Fundi alikuwa na sheria zake, nazo zilizidi za serikali. Kwanza leseni, hata kama anakujua miaka. Komeo na risasi vibaki nyumbani kwako. Chuma hakitengenezi. "Mie nashika mbao," alisema. "Chuma kina wenyewe." Aliyetaka kubadilishiwa chochote cha chuma alielekezwa mjini kwa fundi bunduki mwenye kibali. Mwenyekiti wa mtaa alijua kinachofanyika pale, na kituo cha polisi walijua.

Sheria iliyonishangaza zaidi ilihusu gundi. Kitako kikishachongwa, ile nafasi ambamo chuma kinalala ilipakwa gundi nzito ya kuchanganya, chuma kikawekwa ndani, na gundi ikikauka usiku kucha inachukua umbo la chuma sawasawa. Ndipo bunduki haichezi. Kabla ya hapo chuma lazima kipakwe nta kote, ili gundi ishike mbao tu na asubuhi chuma kitoke. Sasa, Fundi hakuwa na leseni ya silaha, na silaha kukaa kwake bila mwenye leseni ni kosa. Kwa hiyo bunduki ikilala kwake, mwenyewe naye alilala. Nimemwona mfamasia, mtu wa tai na miwani ya dhahabu, amejikunja kwenye mkeka katikati ya maranda, shuka hadi kidevuni, bunduki yake imebanwa mezani juu ya kichwa chake. Mstaafu wa benki alikuja na mto wake na dawa ya mbu. Mwenye malori aliwahi kujaribu kutoroka.

"Fundi, mie nina wake wawili, nitawaambiaje nimelala kwa seremala?"

"Waambie wote wawili. Wakija kuhakikisha, kuna mikeka."

Nilimpenda kwa mambo kama hayo, na pia nilimchoka. Hakujua kusifu. Ningepiga msasa kitako kutwa nzima, kikawa laini kama shavu la mtoto, naye angepitisha kidole gumba na kusema, "Hapa bado," na kweli hapa palikuwa bado. Mteja mpya akianza kueleza uzuri wa bunduki yake, alimkatiza. "Usinieleze uzuri wake. Nieleze inakuuma wapi." Watu walionyesha bega, shavu, kifundo cha mkono, kama wako zahanati.

Aliogopa milio. Harusi ya jirani walipiga fataki, akaingia chumbani akajifunika mto kichwani, na mkewe akatuambia tusimwite mpaka ziishe. Sidhani kama aliwahi kufyatua bunduki hata moja kati ya zote zilizopita mikononi mwake. Nyama ya porini hakula. Mtu huyu huyu aliyekuwa mkali wa sheria kuliko hakimu alijenga kibaraza chake ndani ya hifadhi ya barabara, na serikali ilipokuja kukipiga alama ya X nyekundu, alitundika taulo juu yake. Kila taulo lilipofuliwa alitundika lingine.

"Fundi, ile X si bado ipo?"

"Mie naona taulo."

Na alikuwa mwongo wa mambo madogo. Ufundi wa vitako alifundishwa na Mgiriki wa shamba la mkonge. Mwezi uliofuata alifundishwa na padri. Mfamasia yeye aliambiwa ni askari mmoja wa zamani. Nilimuuliza mkewe, mama mmoja mnene mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, nasi sote tulimwita Bi Mkubwa ingawa hapakuwa na mdogo. "Kafundishwa na nani!" akasema. "Kajifunza kwa kuharibu. Muulize kabati langu la kwanza liko wapi."

Miaka ilipita hivyo. Kwangu mimi kukaa mahali pamoja ni kama kuvaa viatu vya mtu mwingine, lakini pale nilikaa. Nadhani ni harufu ya mninga. Nikiwa mbali sasa, nikipita penye karakana, nasimama.

Mama wa Tabata alikuja mwanzoni mwa masika. Muuguzi mstaafu, mwembamba, bunduki ameiviringisha kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leseni."

"Hata maji sijapewa?"

"Maji yapo. Leseni kwanza."

Akaitoa, akaiweka mezani kwa nguvu kama mtu anayecheza karata. Bunduki ilikuwa ya baba yake. Kaka zake hawakuitaka, walisema iuzwe, naye akafuatilia leseni mwenyewe mpaka maofisini wakamzoea. Alikuwa na shamba Kisarawe na nguruwe pori walikuwa wakimmalizia mihogo. Tatizo ni kwamba kitako kile cha jeshi kilikuwa kirefu na kizito kwake.

"Kinakuuma wapi?"

"Kila mahali! Nikipiga mara moja bega linavimba wiki nzima. Baba alikuwaga na mikono mirefu kama ya nyani, Mungu amrehemu."

Hapo nikamwona Fundi akicheka, jambo la nadra. Akampima mkono kwa uzi, akampima kutoka shavuni hadi begani, akamwambia afumbe macho na ainue mikono kama ameishika bunduki, akampima tena. Kisha akaingia ndani, akainama chini ya kitanda chake, akatoka na kipande cha mninga ambacho Bi Mkubwa alisema kimekuwa uvunguni tangu mtoto wao wa mwisho hajaoa. Mstaafu wa benki alishakitaka kile kipande, akanyimwa. Mwenye malori alikitaka, akaambiwa si chake.

Alikichonga masika yote. Milango ya watu ilichelewa, wakaja kugomba, akawaacha wagombe. Mistari ya ile mbao ilikuwa inakwenda kama maji yanayozunguka jiwe, naye alikipanga kitako ili mzunguko uangukie pale shavu la mama yule litakapolala. Jumapili jamaa walikuwa wanakizunguka bila kukigusa. Mfamasia akasema, "Mimi changu nitakifunika." Sijaona kitu kizuri kama kile kikitoka mikononi mwa mtu, na nimetembea sana.

Wakati huohuo tangazo lilitoka: wenye silaha wote wazipeleke kituoni zihakikiwe, namba kwa namba na leseni. Isiyosomeka namba inabaki kituoni, na leseni inaangaliwa upya. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Namba ya juu ya bunduki ya Mama wa Tabata ilishafutika kwa miaka ya kusuguliwa. Iliyokuwa inasomeka ilikuwa chini ya chuma, upande unaolala ndani ya mbao. Kwa hiyo akasema afadhali gundi ifanyike Jumanne, Jumatano achukue bunduki ikiwa imefunguka, aipeleke wasome, mambo yaishe.

Jumanne jioni akaja na mkeka wake. Kwa kuwa ni mwanamke, Bi Mkubwa alisema naye atalala karakana, na Fundi abaki nyumbani peke yake. Wale wawili walikuwa wamepatana kama waliozaliwa tumbo moja. Mimi nilitumwa dukani kununua sukari. Niliporudi nilivisikia vicheko vyao tangu njiani: Mama wa Tabata alikuwa anasimulia mgonjwa mmoja aliyekataa sindano mpaka aimbiwe, na Fundi mwenyewe, gundi mkononi, alikuwa anacheka hadi machozi. Akabana chuma ndani ya kitako, akakaza, akafuta mikono. "Laleni," akasema.

Asubuhi akafungua vibano. Akalegeza skrubu, akashika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, akavuta. Hakikutoka. Akagonga kwa nyundo ya raba, polepole, upande huu na upande huu. Akavuta tena. Bi Mkubwa alikuwa anakunja mikeka, akaacha. Fundi akakilaza kitu chote mezani, akavua miwani, akaketi.

"Sikupaka nta," akasema.

Kosa lile hufanywa na anayeanza, na anayeanza hulifanya mara moja tu maishani. Yeye alikuwa ameifanya kazi ile miaka ambayo sikuweza kuikadiria.

"Basi nitawaambia namba iko ndani," Mama wa Tabata akasema mwishowe. "Wale ni watu, wataelewa."

"Utamwambia wa kwanza ataelewa. Wa pili atakwambia acha hapa, njoo kesho. Ikishakaa pale, kuitoa ni mwaka."

"Chuma si ukikipasha moto kinaachia?" niliuliza, maana nilishasikia jamaa wakisema hivyo.

"Kinaachia. Lakini moto kwenye chuma si kazi yangu. Kuna mwenye kibali."

Akampigia fundi bunduki wa mjini. Nilisikia jibu kwa sababu simu yake ilikuwa inasikika kama redio. Watu wamejaa mpaka nje kwa sababu ya uhakiki, wiki ijayo labda, mzee wangu, wiki ijayo. Tulimsihi. Mama wa Tabata alimwambia hakuna mtu hapa isipokuwa sisi, nani atajua kama ameweka pasi juu ya chuma dakika chache? Bi Mkubwa naye akasema hivyo.

"Mie nitajua," akasema. "Na leo nimesahau nta. Kesho nikisahau nini kwenye chuma, itakuja kumlipukia huyu usoni."

Basi akamuuliza mama yule, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza chai au maji, "Unataka bunduki au unataka kitako?"

Mama wa Tabata alikitazama kile kitako. Alikigusa pale penye mzunguko. Alikuwa hajawahi kukiweka begani hata mara moja.

"Ya baba," akasema, akauondoa mkono.

Fundi akachukua patasi. Nilidhani angekipasua kwa pigo moja, kwa hasira. Hakufanya hivyo. Alianzia nyuma, akakivua ukanda baada ya ukanda, kwa utaratibu uleule aliokitengenezea, ncha ya patasi daima ikielekea mbali na chuma. Ilichukua mpaka mchana. Mfamasia alipita kusalimia, akaona, akageuka akaondoka bila kuaga. Vipande vya mninga vilidondoka miguuni mwa Fundi na hakuviangalia. Mwisho gundi yenyewe ikachunika kwa mabanzi, chuma kikabaki mezani peke yake kama kilivyokuwa, bila mkwaruzo. Akakigeuza. Namba ilikuwepo, safi.

"Soma," akamwambia.

Mama wa Tabata akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akilinganisha na leseni. Kisha akairudisha bunduki kwenye kile kitako kirefu cha baba yake bila kukaza skrubu, ili kituoni waitoe na kuisoma namba, akaiviringisha kwenye kanga, akaenda kituoni. Ilipita.

Jumapili zikaisha baada ya hapo. Hakutangaza. Alimwambia wa kwanza macho yamechoka, wa pili akamwambia mbao zimekuwa ghali, na habari ikasambaa. Tukarudi kwenye milango. Jioni moja, tukiwa tumekaa kibarazani, akanieleza jambo bila mimi kuuliza. Alisema gundi haikuwa kazi yake ya asili. Zamani alikuwa anapaka chuma masizi ya koroboi, anakilaza kwenye mbao, anakitoa, anaangalia weusi umegusa wapi, anakwangua pale tu, anarudia. Mara mia, mara mia mbili, mpaka weusi uguse kote. Hakuna gundi, hakuna cha kukwama.

"Kwa nini uliacha?"

"Inataka macho. Na inataka mtu ambaye siku zake bado nyingi."

Alianza kunituma msasa ule ule mara mbili kwa siku. Bi Mkubwa alinikonyeza nisiseme, nikawa nazunguka nyumba na kurudi na ule wa kwanza. Nyumba ile ilinielemea. Miguu ilianza kuwasha kama inavyowasha kila ninapoanza kuujua mwisho wa kitu. Rafiki mmoja alinipigia simu kutoka Songea, akasema kuna kazi ya kupaua. Nikamwambia Fundi. Akasema, "Haya," akaendelea kuranda.

Siku niliyoondoka, begi liko begani, bodaboda ilisimama nje akashuka Mama wa Tabata. Bunduki kwenye kanga, na mkononi kipande cha mninga alichokitafuta mwenyewe, sijui wapi.

"Mzee, nguruwe wamerudi. Na bega langu ni hili hili."

"Mie nimeacha. Nenda mjini."

"Mjini wanauza vya plastiki. Sitaki." Akanitazama mimi. "Huyu si amejifunza? Akae, afanye yeye, wewe umwangalie tu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Wote watatu walinitazama, Bi Mkubwa akiwa na ungo wa mchele mapajani. Ningeweza kulishusha lile begi. Kazi niliijua, kiasi.

"Muache aende," Fundi akasema. "Huyu akikaa, atakaa kwa kunihurumia. Mtu akifanya kazi kwa huruma mkono unalegea. Nenda, kijana, usije ukakosa gari."

Nilikuwa na miaka arobaini na zaidi, na hakuna mwingine aliyekuwa ananiita kijana. Nikampa mkono Bi Mkubwa. Nikamwamkia Mama wa Tabata na kumuaga. Nilipomgeukia Fundi, alikuwa ameshakichukua kile kipande cha mbao, anakigonga kwa kifundo cha kidole, ameinamisha kichwa.

"Hii imekauka," akasema, kana kwamba ameudhika. Akakigonga upande wa pili, akamgeukia mkewe. "Mama, ile koroboi ya zamani ipo?"

"Ipo stoo."

"Ilete."

Mama wa Tabata akaweka bunduki mezani na leseni kando yake. Hakutabasamu, aliogopa kuharibu. "Kwa masizi? Bi Mkubwa kanieleza. Utamaliza lini, mzee?"

"Sijasema nitamaliza," Fundi akamjibu, akipapasa mifuko kutafuta uzi wake. "Inua mkono."